Sahani Mbili za Tingatinga

Jumatatu, 3 Juni

Lori limemgonga Tingatinga, fahali wa Mzee Wepukhulu, hapa Nyamasaria. Mguu ulivunjika vibaya, ikabidi achinjwe. Mzee ni baba yake Nasambu, na Nasambu ndiye ninayetaka kumwoa. Mzee hajawahi kunipenda. Husema mtu anayeshinda maabara na hana hata kuku mmoja, ataoaje.

Nikaona nafasi. Nilisimama mbele ya majirani nikatangaza kwamba mbegu ya Tingatinga haitapotea. Ndani ya korodani kuna seli shina, mama wa mbegu zote. Ukiziwahi na kuzilisha vizuri maabara, zinaongezeka. Baadaye unaziweka kwa dume mwingine, naye anazaa ndama wa Tingatinga.

Mzee alinisogelea. "Kijana, ukiweza hilo, njoo na wazee wenu tuongee."

Nimeondoka na korodani kwenye kikasha cha barafu. Kimsingi, nimeshaoa.

Alhamisi, 6 Juni

Daktari Nelima, mkuu wa maabara yetu, amegawa seli. Nusu yangu, nusu ya Lorine wa meza ya pili. Mwenye matokeo mazuri ndiye atakayemweleza Mzee akija kuona.

Sina wasiwasi. Seli zangu nimezipa supu, ndivyo tunavyoita yale maji ya virutubisho, kiasi kile kile kilichoagizwa. Lorine ameongeza, eti zake zinaonekana kuwa na njaa. Nimecheka moyoni.

Jumatano, 12 Juni

Tatizo. Sahani ya Lorine imejaa ukingo hadi ukingo. Yangu ina vishada vichache vya mviringo, vimekaa mbalimbali kama watu waliogombana kanisani.

Lorine alichungulia kwenye hadubini yangu, akaniambia kwa upole nisijali, zangu pia zitakuja. Huruma ya Lorine ni kitu kibaya sana.

Nasambu amepiga simu kuuliza Tingatinga anaendeleaje. Nimemwambia ananawiri.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefikiria jambo hili kwa haki. Seli ni za Tingatinga. Tingatinga ni wa Mzee. Mzee ni mkwe wangu, karibu. Kwa hiyo Lorine amekuwa akinitunzia mali yangu.

Alipoenda kula samaki, nilibandua kibandiko chenye jina lake na chenye jina langu. Nikabadilisha. Kazi nyepesi. Sasa sahani iliyojaa ni ya Calvince Ondiek.

Nimepeleka tai yangu kwa dobi.

Jumatatu, 17 Juni

Mzee alikuja na suti ya kanisani, Nasambu nyuma yake. Nilianza kwa kueleza juu ya subira na nidhamu ya mwanasayansi. Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Kisha Daktari akaiangalia sahani yangu. Akasema hizi si seli tulizozitaka. Ni zile za kawaida zinazoshikilia nyama, ziliingia pamoja na zingine zikafunika kila kitu, kama gugumaji linavyofunika ziwa. "Umezilisha kupita kiasi, Calvince."

Akaisogeza sahani ya pili. Akazitia seli zake rangi ya kuzitambua, akatuita sote tuone. "Hivi vishada ndivyo tulivyokuwa tukitafuta. Lorine, hii ni kazi safi."

Lorine alishangaa kuliko mtu yeyote mle ndani. Alikitazama kibandiko chenye jina lake, kisha akanitazama mimi.

Zilikuwa zangu. Nilizilea kwa mikono hii. Nilitaka kulia na kujipongeza kwa wakati mmoja, na sikuweza kufanya lolote.

Mzee alimshika Lorine mkono kwa mikono yake yote miwili. "Binti yangu, umemrudisha ng'ombe wangu." Halafu akamuuliza kama ameolewa, kwa sababu ana kijana wake anaitwa Wechuli, mtu wa heshima.

Nasambu aliniuliza tukiwa nje imekuwaje. Nimemjibu kwamba sayansi ni ngumu. Alisema hata yeye ameanza kuona hivyo.

Jumanne, 18 Juni

Mambo yamenyooka. Nasambu amefika kwangu, mtaa wa Manyatta, asubuhi. Anasema Mzee hajafunga mlango, ila anataka kuona kama naweza kutunza kitu kilicho hai.

Na Daktari ametoa mpango. Seli zikiongezeka, zitawekwa kwa madume wawili wachanga wasio na mbegu zao wenyewe. Mmoja atatunzwa na Lorine, mwingine na mimi. Lorine alinivuta kando, akasema bila kunitazama usoni, "Safari hii kila mtu abaki na chake, sawa?" Nilimwambia ndivyo ninavyoamini siku zote.

Nimewaona madume hao. Wote weusi, umri mmoja. Wa Lorine anang'aa, mgongo mpana, anakula bila kuinua kichwa. Wangu ni mwembamba, amesimama pembeni akikodolea ukuta. Mtu yeyote mwenye macho anajua yupi atamzaa Tingatinga.

Wanatofautishwa kwa hereni za plastiki masikioni tu. Nimepitia duka la vifaa. Koleo dogo linazifungua bila shida, na ng'ombe hasikii maumivu. Mwenye duka amenihakikishia.