Kirumbizi cha Jamila Si Vita vya Mpaka

Mkomani, Lamu
Machi 1958

Ndugu Mhariri,

Baada ya kukuombea afya na macho mazima, nina malalamiko.

1. Picha uliyoiweka ukurasa wa mbele, ukaiandikia "Wapiganaji wa Lamu Tayari Kulinda Mpaka", ni kirumbizi, ngoma ya fimbo, iliyochezwa mbele ya baraza yangu kwenye harusi ya binti yangu Jamila. Huyo "mkongwe wa vita" ni ami yangu Shekhan. Vita vyake vya mwisho alipigana na ngazi ya nyumba yake, na ngazi ikashinda.

2. Redio ya ng'ambo ya mpaka, upande wa Kismayu, nayo imeisimulia picha hiyohiyo, ikasema twashangilia kuunganishwa nao. Basi sisi, kwa fimbo zilezile, twaulinda mpaka na kuuvunja. Mpiga zumari aniuliza yuko upande gani, nami nimemwambia akuulize wewe.

3. Watu wameingiwa na hofu. Wazee wamezificha bakora zao uvunguni, na Ijumaa iliyopita khatibu wetu, asiyesoma hotuba bila kushika fimbo, alipanda mimbari na mwavuli.

4. Hili ndilo liniumalo. Kijana wa katikati, uliyemwita "Kamanda", ni mkwe wangu Famau. Nikaha ilifungwa, kisha akaenda Kismayu kumleta mama yake, ndipo aingie nyumbani kwa mkewe. Hajarudi. Nani atamruhusu kamanda avuke? Hina ya Jamila ilififia, tukampaka tena, nayo yafifia. Mtoto wangu halii, na hilo lanitia uchungu zaidi.

Basi naomba usahihishe. Ikiwa ni vigumu, nawe ni hodari wa kusogeza mpaka kwa wino, usogeze uipite Kismayu, mkwe wangu aamke asubuhi ajikute yuko huku.

Nisalimie wapiga chapa wote, na mpiga picha wako pia, aliyekula pilau yetu sahani mbili kabla ya kuviona vita.

Wako mwenye bakora iliyo uvunguni,
Hamdun bin Mahmud

Baada ya sahihi: Bwana Aqil, jirani yangu, ameshuka sasa hivi kutoka Kismayu. Famau hakuzuiwa na mtu. Ana mke huko, na watoto, na amesema harudi. Tafadhali, Bwana, usisahihishe hata neno. Andika kwamba Kamanda bado yuko mpakani, hawezi kuvuka, na uandike hivyo kila wiki. Jamila husoma gazeti lako.