Kengele ya Tharcisse

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tharcisse amefariki. Moyo, akiwa zamu ghalani. Miaka arobaini na tisa. Mazishi Jumamosi. Wakubwa wake wa kazi, Wamarekani, watakuja, hivyo lazima mtu mmoja aseme Kiingereza mbele ya jeneza. Mtu huyo ni mimi! Kamati ya mazishi inamtaja Kariuki, nesi Mkenya, eti ana sauti ya upole. Upole! Mimi najua misemo ya Kiingereza mia moja na kumi na miwili, kila mmoja na chanzo chake.

Jumanne, 4 Machi

Matanga, hapa Lewisville, Texas, kwa mjane, Mama Shalom. Mkakati: kuonyesha ujuzi mapema. Nikasimama, nikaeleza msemo wa "kuokolewa na kengele". Zamani Uingereza watu walizikwa wangali hai kwa makosa. Ndipo maiti akafungwa uzi kidoleni, na juu ya kaburi kengele. Akizinduka, anavuta. Sebule nzima ikasahau chai! Kariuki akadakia kwamba msemo ni wa ndondi, kengele humwokoa bondia anayepigwa. Ndondi, matangani! Nikamwuliza kama alikuwepo. Shalom, binti wa marehemu, akachungulia simu yake, akasema kwa Kiingereza kwamba wengi mtandaoni wako upande wa Kariuki. Mtoto wa sekondari! Mama Shalom alinitazama mimi tu. Ushindi.

Jumatano, 5 Machi

Mama Shalom kanipigia asubuhi. Papa, akaniita kwa heshima, hapa Texas wanaweka kengele makaburini? Hapana, nikasema. Akauliza waliozikwa hai walikuwa wangapi. Sikuwa na hesabu. Nikasema wengi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mama Shalom amepenyeza simu ya mumewe, imejaa chaji, mfukoni mwa suti ndani ya jeneza. Anaipiga kila saa. Watu wa mochari wanalalamika jeneza linaita. Naye anasema maadamu linaita, hazikwi mtu. Mzee Bisimwa, mwenyekiti wa kamati, alinifokea mbele ya akina mama: nimemfufua Tharcisse nusu, sasa nimalizie kumfufua au nimzike.

Nikaenda kurekebisha. Nikamwambia mjane kwamba chanzo kile kinabishaniwa, wataalamu hawajakubaliana. Akafuta macho. Kama wanabishana, akasema, basi huenda ni kweli.

Hoja nzuri, kusema kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nane mchana simu imeacha kuita. Chaji imeisha. Shalom anasema mama yake alianguka jikoni akalia kama siku ya kwanza. Mazishi yako palepale. Kariuki ndiye atakayesema Kiingereza. Fitina!

Jumamosi, 8 Machi

Amezikwa. Kariuki alisema sentensi nne. Nne! Bila msemo hata mmoja. Wamarekani walilia, sijui kwa nini.

Watu walipoanza kuondoka, Mama Shalom alilala kifudifudi, sikio kwenye udongo. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Kariuki alipiga magoti kando yake kwenye matope, amemshika mkono. Maskini, hakuwa na la kusema. Lazima mtu aseme kitu. Nikapiga magoti upande wa pili, nikamnong'oneza mjane kwa nini Waingereza humwita marehemu mtu aliye "futi sita chini". Wengine hudai ni sheria ya mji kuhusu kina cha kaburi, nikasema, lakini chanzo chenyewe ni tauni.

Shalom alinivuta koti kabla sijafika kwenye idadi ya maiti.