Kamati ya Kudumu ya Kusikiliza Matumbo

Siku kaka yangu alipofariki, Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Farasi ilitangaza kwamba kazi haitasimama hata kidogo. Kazi zote zilisimama hadi jioni ili tangazo hilo liandikwe vizuri.

Aliyeliandika ni mimi. Nilikuwa mdogo wa marehemu na karani wa Mkurugenzi, kwa hiyo nilipewa pole na kalamu kwa mkupuo mmoja.

Kaka alikuwa daktari wa mifugo. Utafiti wake ulihusu magonjwa ya kuambukiza ya watoto wa farasi, lakini kilichompa jina ni msokoto wa tumbo. Farasi akishikwa na msokoto hawezi kutapika wala kujieleza. Anagaagaa chini na kugeuka kuutazama ubavu wake, kama anayemtafuta aliyempiga. Kaka alikuwa akibandika sikio ubavuni, juu na chini, kushoto na kulia, amefumba macho. Tumbo likinguruma, alitabasamu. Likinyamaza, alivua koti na kuanza kazi. Watu walimwita Daktari Sikio, naye aliitika.

Mkurugenzi alituhakikishia kwamba pengo limezibwa.

"Sikio la mtu mmoja si mfumo," alisema. "Mtu akiondoka, anaondoka nalo. Tunahitaji usikilizaji shirikishi."

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Kusikiliza Matumbo. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti. Wajumbe walikuwa mhasibu, mkuu wa magari na ofisa uhusiano, na mimi nikawa katibu nisiye na kura. Utaratibu ulikuwa wa kisayansi kabisa: wajumbe wanainama kwa pamoja, wanasikiliza, wanapiga kura. Wengi wakisikia, tumbo linafanya kazi. Daktari kijana aliyefundishwa na kaka, binti mpole wa sura na mkali wa maneno, hakuteuliwa. Ilihofiwa kwamba angeelemea upande wa ujuzi.

Katika zizi la karantini alikuwamo Kiraka, mtoto wa farasi mwenye baka jeupe usoni. Alikuwa mgonjwa wa mwisho wa kaka. Alihara kwa maambukizi tangu alipozaliwa, na kaka alimhangaikia mpaka akasimama na kunyonya. Kisha kaka akaanguka yeye. Nilizoea kupita zizini kumtazama Kiraka kabla ya kuingia ofisini, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Asubuhi moja nilimkuta Mzee Ndoo, mtunza farasi, akinisubiri mlangoni.

"Katibu, mtoto anagaagaa."

"Daktari yuko wapi?"

"Yupo, amekunja mikono. Anasema haruhusiwi kumgusa kabla ya hiyo kamati yenu. Hebu iite. Uwaambie waje kama watu wenye miguu."

Kamati ilichelewa kidogo, kwa kuwa akidi haikutimia mpaka maharage na mayai ya kuchemsha yalipofika. Mkurugenzi alikula sehemu yake na ya mjumbe mmoja aliyejitolea kwa hiari ya kutazamwa.

Mlangoni mwa zizi kulikuwa na beseni la dawa ya kukanyagia. Mkurugenzi alilikwepa.

"Vijidudu havijui vyeo, Mheshimiwa," alisema binti.

"Viarifiwe," alijibu, akanionyesha kwa kidole niandike.

Binti alisimama mbele yake mpaka akakanyaga dawa.

Wajumbe wakainama kwenye ubavu wa Kiraka, Mkurugenzi katikati, shavu kwa shavu na mhasibu. Ikasikika sauti ndefu na nzito, kama kabati linaloburutwa ngazini.

"Nimesikia," alisema mhasibu.

"Naafiki," alisema mkuu wa magari.

"Inatia moyo sana," alisema ofisa uhusiano.

Kura zikawa nne kwa sifuri. Niliamriwa kuandika kwamba mgonjwa ni mzima. Mgonjwa alijilaza kwenye nyasi akalia kwa uchungu.

Nilipiga magoti nikabandika sikio langu, juu na chini, kushoto na kulia. Hakukuwa na kitu. Kimya kile nilikifahamu. Ndicho kilichojaa nyumbani kwetu tangu tulipotoka makaburini.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "katibu anaomba kamati ibainishe chanzo cha sauti."

"Chanzo ni tumbo."

"La nani, Mheshimiwa?"

Kabati likaburutwa tena.

"Basi amejibu," alisema Mzee Ndoo.

Mkurugenzi alisema huo ni uzushi. Binti akasema jambo lenyewe ni jepesi: kamati imsikilize Mwenyekiti peke yake, mbali na farasi. Mkurugenzi alikuwa ametangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba kamati yake haijawahi kukosea. Akikataa isimsikilize, anakiri kwamba inakosea. Akikubali, tumbo lake litasikika. Akafungua vifungo vya koti.

Wajumbe, ambao kwa miaka walimsikiliza upande wa juu tu, waliinama kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona. Walisikia. Kura zikawa tatu kwa sifuri, Mwenyekiti akijitoa kwa mgongano wa maslahi. Uamuzi wa kwanza ukabatilika, ingawa binti hakungoja kutangaziwa. Mpira wa kutolea gesi ulikwishapita puani mwa Kiraka kuelekea tumboni, na Mzee Ndoo alikuwa amemshika mtoto kichwa.

"Utaratibu unasemaje kuhusu gesi?" aliuliza mhasibu, aliyenyimwa likizo mara nyingi.

"Mgonjwa aachishwe chakula," nilisoma, "atembezwe uwanjani mpaka hewa itoke, mbele ya shahidi."

"Mimi si farasi, jamani."

"Mheshimiwa, tusiingilie maamuzi ya kamati," alisema ofisa uhusiano kwa huzuni, akamshika mkono wa koti.

Wakamzungusha uwanjani. Madirisha ya maabara yakajaa watu. Kwetu farasi mwenye msokoto akitoa hewa, watu hupiga makofi. Mazoea hayo aliyaanzisha kaka. Hewa ya Mkurugenzi ilipotoka karibu na mlingoti wa bendera, jengo zima lilipiga makofi, wengine wamesimama. Ofisa uhusiano alipiga picha kwa matumizi ya baadaye.

Sikukaa kushangilia. Nilirudi zizini nikamkuta binti amekaa kwenye nyasi, koti lake liko chini, sikio lake liko ubavuni mwa Kiraka.

"Njoo usikie," alisema.

Nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo, kama maji yanayochemka chumba cha pili. Baadaye kidogo Kiraka aliinua mkia, akachafua viatu vyetu sote wawili, na binti akacheka huku anajifuta macho. Mimi nilitoka nje kidogo.

Kamati haikuvunjwa. Inakutana kila Alhamisi, na inasikiliza tumbo moja tu, la Mwenyekiti. Farasi wanasikilizwa na binti.