Drafti ya Baba Mkwe

Kubonyeza ni kazi ya watoto! Ndivyo Sarpong alivyoutangazia mtaa wetu mzima wa Bantama. Eti yeye haingii duka la programu za simu kwa mlango wa mbele kama sisi akina yakhe. Anafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, anaandika amri, na programu inakuja yenyewe, inatetemeka!

Majigambo hayo akayapeleka hadi kwa mzee Boadu, baba yake Serwaa, binti ambaye Sarpong alitaka kumposa. Mzee alikuwa na msiba wake: simu yake mpya haikuwa na ule mchezo wake wa drafti, na duka lilikwisha kuuondoa.

"Niletee drafti yangu siku ya kuja kugonga mlango kwa posa," mzee akasema. "Hapo posa yako tutaisikiliza."

"Baba, hesabu umeshaipata!"

Kumbe dirisha jeusi nalo halina haya. Lilimjibu Sarpong kwamba mchezo ulioondolewa anapewa tu mwenye akaunti aliyewahi kuuchukua. Akaandika amri upya, akaifokea kompyuta. Wapi!

Mimi rafiki yake nikamshauri, "Mwambie mzee umeshindwa, yaishe."

"Nishindwe mimi? Thubutu!"

Akampigia Dufie, msusi wa mtaa wa Asafo, ambaye Serwaa hakuwahi kumsikia. "Sukari yangu, wewe si ulikuwa na ile drafti? Nipe neno lako la siri. Na hizo namba zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee. Nani kama wewe?"

Mchezo ukashuka. Nikamkumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Akanijibu nina wivu.

Siku ikafika. Mimi nilibeba chupa mbili za kinywaji za kugongea mlango, kama desturi ya posa, yeye akabeba kifua. Akautia mchezo kwenye simu ya mzee mbele ya ukoo mzima. Wajomba wakapiga makofi! Mzee akavaa miwani, akaugusa, kisha akasoma kwa sauti:

"Andika neno la siri la akaunti ya Dufie."

Makofi yakakatika.

"Dufie ndiye nani?" mzee akauliza.

"Ni... ni jina la mtambo, baba. Mitambo ya siku hizi ina majina."

Serwaa alikuwa amekaa kando ya mama yake, ametulia kuliko nilivyopenda. "Na neno la siri la huo mtambo unalijua?"

"Nalijua! Mimi ni fundi!"

"Basi litaje, baba aandike."

Sarpong akanitazama. Mimi nikazitazama chupa.

"Sema, kijana," mzee akahimiza, kidole hewani. "Drafti inangoja."

"Sarpong..." fundi akanong'ona.

"Sauti!"

"Sarpong... mume... wangu."

Mzee akaandika herufi moja moja. Simu ikakubali, kete zikajipanga. Akasogeza ya kwanza bila kuinua macho.

"Ahsante kwa drafti, mwanangu. Chupa zako hizo hapo."

Nikazibeba tena. Tulipofika getini, Sarpong akanishika mkono.

"Lakini si umeona? Imefunguka!"