Barua Zinazoishia Kwenye Salamu

Mwalimu Aidan Mbawala (mstaafu),
kwa anuani ya parokia,
Songea.

Kwa Mkuu wa Gereza la Kilimo Mkandamwe.

Ndugu Mkuu wa Gereza,

YAH: MALALAMIKO JUU YA MASHARTI YA BARUA, NA OMBI LA KUFUNGWA

Heshima yako. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, na daktari ameniambia kwa upole kwamba nisijisumbue kuandaa shamba la msimu ujao. Utanisamehe basi nikionekana nina haraka. Mwandiko huu ni wa mjukuu wangu Lidwina, maana mkono wangu unatetemeka. Maneno ni yangu.

Kwa miaka miwili nimejaribu kumfikishia mfungwa wako, Otto Luambano, sentensi moja. Ni sentensi fupi, na nisingependa kuondoka duniani nikiwa nayo. Masharti yaliyobandikwa langoni kwako yameizuia. Mimi niliyekula mshahara wa Serikali kwa kusimamia nukta na mkato siwezi kuyadharau masharti. Naomba tu kuyalalamikia, moja baada ya jingine.

1. Sharti kwamba barua isizidi ukurasa mmoja. Ndugu Mkuu, wewe unaishi nasi na unajua kwamba huku kwetu barua isiyoanza na salamu ni barua ya msiba. Anayeipokea haisomi. Anashika kichwa, na majirani wanaanza kuingia uani. Sikutaka kumtia Otto presha akiwa mikononi mwako, kwa hiyo nilimsalimia. Nilimpa salamu za mama yake, Suzana, pamoja na hali ya mguu wake. Nikampa za wajomba zake wote watatu, za kwaya, za fundi baiskeli, na za mbwa wake ambaye bado anamtafuta. Huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwingine, watu wanaulizana. Barua tatu za namna hiyo zilimfikia bila tatizo. Zote zilifika mwisho wa ukurasa kwa maneno haya: "Baada ya salamu, dhumuni hasa la barua hii ni". Otto alijibu kwa adabu kwamba amefurahi sana kusikia sote hatujambo, na kwamba anasubiri dhumuni.

2. Sharti la lugha. Baada ya hapo niliandika kwa Kingoni, kwa sababu kuna mambo ambayo mzee humwambia kijana kwa lugha ya nyumbani, na pia kwa sababu Kingoni kingeniwezesha kupunguza maneno. Barua ilikataliwa. Nilipanda bodaboda hadi langoni kwako kuuliza sababu. Koplo Daimu, kijana mstaarabu kutoka Nakapanya, alinipa shikamoo na kunieleza kwamba hapo hakuna askari anayesoma Kingoni. Namwamini, maana yeye ni Myao. Ila sajenti aliyesimama kando yake alinisalimia kwa Kingoni, akaniuliza habari za nyonga yangu kwa Kingoni, akanipa pole kwa Kingoni, kisha akageuka na kuthibitisha kwa Kiswahili fasaha kwamba Kingoni hapo hakieleweki.

3. Sharti kwamba barua isizungumzie kesi ya mfungwa. Hapa ndipo sentensi yangu inapobanwa, kwa sababu inasema hivi: Otto, mimi sikukuona.

(Lidwina amesimamisha kalamu. Nimemwambia aendelee.)

Ghala la mahindi la kijiji chetu liliungua jioni moja, jua likiwa linazama, na shahidi pekee nilikuwa mimi. Nilichokiona ni fulana ya njano ikipita nyuma ya ghala. Ndani ya fulana sikuona mtu, kwa kuwa wakati ule nilikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na nilikuwa simwambii mtu. Otto alikuwa na fulana ya njano. Mahakamani wakili wa Serikali aliniuliza kama nina hakika. Chumba kilijaa watu niliowafundisha kusoma, na hakimu mwenyewe aliniita Mwalimu. Ndugu Mkuu, kwa miaka thelathini na minane nilimchapa kila mtoto aliyenijibu "sijui". Nikasema nina hakika. Otto alipewa miaka saba, mimi nikapewa soda.

Mwaka uliofuata nilifanyiwa upasuaji wa macho. Siku ya kwanza ya kuona vizuri niliketi barazani na kuhesabu fulana za njano kumi na nne zikipita barabarani. Kumbe kampuni moja ya mbegu ilizigawa bure mwaka ule ghala lilipoungua. Ya kumi na tano ilikuwa imeanikwa kwenye kamba yangu mwenyewe.

Nilijaribu kulitii sharti lako kwa kuficha majina: nikaandika kwamba kuna mwalimu mmoja huku ambaye alidai kuona asichokiona. Barua ilirudi na muhuri wenye neno MAFUMBO. Nikaandika nyingine waziwazi. Hiyo mliiruhusu, lakini afisa wako aliipaka wino mweusi hadi yakabaki maneno matatu: "macho", "samahani" na "mvua". Otto alijibu akinipa pole ya macho, akasema hakuna haja ya samahani kati ya mwalimu na mwanafunzi, na akanishauri nipande mapema.

4. Sharti kwamba wanaoruhusiwa kumtembelea mfungwa ni ndugu wa damu tu. Sina la kulaumu sana hapa, maana ningeweza kumtuma mama yake. Suzana huniletea uji kila Jumapili baada ya misa. Ananiita Mwalimu wetu. Ananishukuru kwa sababu kijiji kizima kimeacha kumtaja mwanawe, ila mimi bado namwandikia. Husimama hadi nimalize bakuli ndipo alichukue. Sikumtuma.

5. Ombi. Nimesoma masharti yako yote, ya mbele na ya nyuma ya ubao. Yanabana barua, vifurushi na wageni. Hakuna hata moja linalosema mfungwa aongee nini na mfungwa mwenzake wa mkeka wa pili. Kwa hiyo njia pekee halali ya kumfikishia Otto sentensi yangu ni mimi mwenyewe kuwa mfungwa. Naomba nafasi moja. Sifa ninazo: nilitoa ushahidi wa uongo, chini ya kiapo, Biblia ikiwa mkononi na rozari mfukoni. Nadhani kosa hilo linastahili miaka saba kama ile ya Otto. Mimi nitatumia kama miezi miwili, na iliyobaki Serikali inaweza kumpa mwingine. Sitakuwa mzigo. Nakula uji. Jembe siliwezi, lakini naweza kuwafundisha askari wako kusoma Kingoni, nikianza na sajenti.

Kama mkeka ulio karibu na Otto una mtu, nitasubiri, ila naomba usinisubirishe kupita mavuno.

Mwisho, nisalimie Koplo Daimu na wazazi wake kule Nakapanya. Nisalimie sajenti, kwa lugha atakayoielewa siku hiyo. Msalimie yule afisa wa wino mweusi. Ana mkono thabiti na hatoki nje ya mstari, angefaa kufundisha darasa la kwanza. Salamu kwa wapishi, kwa wafungwa wote na kwa familia yako. Otto usimpe salamu zangu. Amekwisha kupata za kutosha.

Ni mimi, ninayesubiri kuitwa jina langu langoni kwako,

Mwalimu Aidan Mbawala.

N.B. Lidwina amemaliza kunakili, akaweka kalamu chini na kuniuliza jambo ambalo halimo katika masharti yako. Ameniambia, "Babu, Otto anajua kwamba hakuwepo pale. Asiyejua ni hakimu. Hakimu umemwandikia lini?"

Sijamwandikia. Lidwina hupita mbele ya mahakama kila siku akienda sokoni. Pale hawahesabu kurasa, na kesi ndiyo hasa wanayotaka uizungumzie. Hata padre mmoja mzee wa Hanga, aliponiungamisha miaka miwili iliyopita, aliniagiza nikaseme kweli pale pale niliposema uongo. Mimi nikachagua kuelewa kwamba anamaanisha posta.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, malalamiko ya kwanza hadi ya nne nayafuta. Masharti yako hayakunizuia. Yalinifunika, na kila barua iliporudi nililala vizuri. Ombi la tano nimeliacha lilivyo, ila atakayeliamua si wewe tena.

Lidwina amechukua karatasi nyingine. Sentensi ni ileile. Ameniuliza aanze na salamu za nani, nami nimemwambia safari hii asiweke salamu.