Ng'ombe wa Mahari na Maiki ya Kokoto

Piusi alikuwa na maiki mbili zilizofanana kama mapacha, ila moja tu ndiyo iliyofanya kazi. Hiyo nzima aliipata kwa mpiga filamu mmoja pale geti la Ngorongoro, aliyefanya kosa la kumwambia, "Nishikie hapa, nakuja." Piusi aliishika mpaka Karatu. Ya pili ilikuwa ganda tupu kutoka Arusha, akalijaza kokoto zilizofungwa kwa kitambaa ili liwe na uzito wa kuheshimika.

Aliposikia kwamba Lekoko, kijana wa Malambo mwenye studio nyuma ya mnada wa Karatu, anatafuta maiki ya kurekodia kwaya, alifunga tai siku hiyohiyo. Alikuwa na shida ya haraka. Mzee Yohani wa Endabash alishatamka: asipoona ng'ombe dume wa mahari kufikia Jumamosi, binti yake Angelina ataolewa na mwalimu Adrian, mtu ambaye Piusi alimdharau kwa sababu anaishi kwa mshahara.

Na nje ya studio, kumbe, alikuwa amefungwa dume mwekundu aliyenona, pembeni yake mbuzi wawili. Piusi alimhesabu wa kwake kabla hajabisha hodi.

"Kaka, hii ni kondensa yenye kiwambo kikubwa," alisema, akiichomeka ile nzima kwenye mitambo. "Msanii anaimbia hapa ubavuni, siyo juu kama mtu wa mitumba. Washa umeme wake, vaa hedifoni."

Lekoko akavaa. Nje, mbuzi alikuwa anatafuna ganda la hindi.

"Aisee! Namsikia mpaka anavyomeza."

"Sasa fikiria kwaya."

"Nakupa hao mbuzi wawili."

"Mbuzi? Kaka, usinivunjie heshima. Nataka yule ng'ombe. Jumamosi nampeleka Endabash kwa mkwe wangu, mzee Yohani, yule mwenye shamba la mbaazi karibu na kanisa. Ni mahari."

Lekoko alivua hedifoni. Uso wake ukalainika ghafla, kwa namna ambayo tapeli mwenye akili angeiogopa.

"Mzee Yohani wa Endabash? Basi mchukue."

Piusi akamdharau papo hapo. Mtu anatoka mbuzi wawili hadi ng'ombe mzima kwa kusikia tu habari ya harusi! Aliifungasha maiki kwenye boksi, akageuka kidogo, akainamia begi, na boksi lililotoka humo lilikuwa lile lingine. Lekoko alilipokea, akalitikisa karibu na sikio, akaliweka mezani.

"Na wewe kagua ng'ombe," alisema. "Kwetu mtu hachukui ng'ombe bila kumwangalia masikio."

Piusi, mtoto wa mjini aliyewajua ng'ombe kwa mchuzi tu, akatazama masikio, akaona yapo mawili, akaridhika. La kushoto lilikuwa na pengo. Akadhani aling'atwa na mbwa.

Alipofungua kamba, dume akatimka naye, tai ikipepea mgongoni.

"Nishikie begi!" alipiga kelele.

Lekoko akamshikia mpaka dume alipotulia.

Njia ya Endabash ilimnyoosha. Alimsukuma ng'ombe, akambembeleza, akamwita bosi. Viatu vyake vya kuchongoka vikazama kwenye kinyesi, na akina mama waliokuwa wakipalilia walisimamisha majembe ili wacheke vizuri. Alivumilia yote kwa ajili ya Angelina, na zaidi kwa ajili ya kumwona Adrian akinywea.

Adrian alikuwepo tayari, amekaa kwenye benchi uani, na ng'ombe wake anakula majani nyuma ya nyumba. Mzee Yohani hakumwangalia Piusi hata kidogo. Alimwendea dume mwekundu, akashika sikio la kushoto, akapitisha kidole kwenye lile pengo.

"Karibu nyumbani," alimwambia ng'ombe.

"Shikamoo, baba. Nimeleta mahari."

"Marahaba. Umeleta ng'ombe wangu. Alama hii nimeikata kwa mkono wangu. Huku tumelima mpaka mlangoni, malisho hakuna, kwa hiyo ng'ombe wangu wanalelewa Malambo, kwa rafiki yangu, baba yake Lekoko. Nilimwambia Lekoko aniletee huyu. Akasema anatafuta mtu wa kumswaga."

Mzee akatoa simu, akabonyeza ujumbe wa sauti. Sauti ya Lekoko ikajaa ua mzima, safi kabisa, kama vile yuko hapo benchini. Nyuma yake mbuzi alikuwa anatafuna.

"Shikamoo, mzee Yohani. Mswagaji amefika? Hajanidai hata nauli. Unaisikia sauti hii? Ndiyo maiki yangu mpya. Mwambie kokoto zake nimemrudishia kwenye begi."

Piusi alifungua begi, akalitikisa boksi. Likamjibu. Mtu huyu aliyeibia watu maisha yake yote alishikwa na uchungu wa kweli wa kuonewa. Akataka kukimbilia polisi, mpaka alipomkumbuka mpiga filamu.

"Baba," alisema Angelina, akimmiminia Adrian chai, "mpe na mswagaji kikombe, ametoka mbali."

"Atapewa," alijibu mzee, akimfunga ng'ombe wake. "Haya, kijana. Wa kwangu nimemwona. Wa kwako yuko wapi?"