Kikohozi cha Bajeti

Jumatatu, 17 Novemba

Yawa, nimeamka tajiri! Redio imesema Alhamisi maofisa wa bajeti ya taifa watafika hapa Karungu. Wanataka wananchi waseme pesa za serikali za mwaka ujao ziende wapi. Ziende wapi tena? Kwa ploti yangu! Ile ya mawe kando ya ziwa, ambayo hata mbuzi wanaipita tu. Serikali ikijenga hapo ghala la barafu la samaki, lazima ininunulie ardhi. Nimemwambia mke wangu Rael achague rangi ya gari. Akanijibu nianze mimi kuchagua mtungi wa kwenda kuchotea maji.

Jumanne, 18 Novemba

Kuna adui. Nyasuguta, yule mama Mkisii anayeuza ndizi sokoni, mwenyekiti wa chama cha akina mama. Anataka kisima na pampu. Maji! Na ziwa lote lile liko pale! Nilimweleza hivyo. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilipandisha mtungi kile kilima. Nikakumbuka nina shughuli mahali.

Jumatano, 19 Novemba

Mambo yameiva. Watu watapiga kura kwa kuinua mikono. Nimewakusanya bodaboda wote wa steji na mwenyekiti wao Bravin. Malipo: chapati na maharagwe, wale mpaka washindwe. Bravin akasema wao kwa mikutano husinzia, sasa watajuaje wakati wa kuinua? Akili ninazo! Nikikohoa, mikono juu. Tumefanya mazoezi jioni nzima. Safi kabisa.

Alhamisi, 20 Novemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mbele na koti langu la harusi, tumbo tupu, maana chapati zote bodaboda walimaliza. Nyasuguta akanionea huruma, akanipa njugu. Tamu! Nikajaza mdomo. Wakati huohuo afisa akauliza nani anaunga mkono kisima.

Njugu ikanipalia. Nikakohoa. Bodaboda wote mikono juu! Nikajaribu kuwazuia, nikakohoa zaidi. Wakainua na ile ya pili! Bravin akapanda juu ya kiti. Afisa akasema hajawahi kuona wanaume wanaolilia maji hivi, akaandika. Zamu ya ghala langu ilipofika, mimi nilikuwa nje, Bravin ananipiga mgongo. Ndani hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyeinua mkono.

Ijumaa, 21 Novemba

Akina mama wamevamia boma langu na nyimbo! Kisima kimeingia kwenye mapendekezo ya kupelekwa Nairobi, na eti mimi Joash ndiye jatelo, kiongozi wao! Wakanibeba juujuu mpaka sokoni, wakanimwagia maji kwa furaha, ndoo baada ya ndoo. Rael akacheza mbele yangu. Hajacheza hivyo tangu harusi yetu. Nilicheka mpaka nikalia. Nikawahutubia, nikasema kisima kilikuwa wazo langu tangu utotoni. Nyasuguta akakohoa kidogo. Bodaboda wote wakainua mikono.

Jumapili, 23 Novemba

Niko kitandani. Mafua! Ni zile ndoo. Rael amenipikia uji wa ndimu, anaimba jikoni. Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Kikohozi! Kikohozi kinaweza kumshika mtu yeyote, saa yoyote. Bajeti ya mwaka ujao, ishara itakuwa chafya. Chafya, bwana, haimtoki mtu ovyo. Ningeandika zaidi, lakini kila nikipiga moja kalamu inarukia chini ya kitanda.